Kwa Nini Watu Wako Hawanyamazi?

14 Januari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naitikia mapema kabisa maana ukishika kalamu huwa unasahau.

Huku wote hatujambo. Goti la baba yako limepoa, sasa anagombana na redio. Betri zimekwisha na yeye hataki kukubali kwamba zimekwisha. Kaka yako amepewa kazi ya friji za hospitali. Mwenyewe anasema ni friji mbili tu za kuwekea dawa, lakini friji mbili za hospitali unaweza kuzilinganisha na ishirini za vinywaji? Nimemwambia kila anayepita. Mimi mgongo unalalamika asubuhi, nikishakaa kwenye mito yangu unanyamaza.

Na kazi imefurika, mwanangu. Nyumba ya wageni imeagiza mito ya vyumba vyote. Sufi imejaa chumba cha mbele mpaka dirisha halionekani. Wasaidizi wangu wawili wanashindilia huku wamefunga vitambaa mdomoni, kama mlivyokuwa mkifanya wewe na kaka yako mlipokuwa wadogo. Mimi bado nakaa pale pale mlangoni kwenye hewa, nashona midomo ya mito na kusimulia hadithi, na wao wanasikiliza kwa macho. Sheria ya chumba ni ile ile, anayefungua mdomo anakula sufi.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Jarida limefika! Nimeiona hadithi yako, ukurasa mzima na nusu, na picha ya mlango. Nilivaa miwani uliyonitumia nikawasomea wote kwa sauti, mpaka mwuza mkaa akatua gunia lake akasikiliza. Jirani yetu Mama Daktari naye alikuwepo, amekuja kuulizia godoro lake. Unamkumbuka, yule ambaye mwanawe anang'oa meno na mtaa mzima tumelazimishwa tumwite hivyo. Nilipomaliza akasema, "Huyu binti yako anaandika vizuri, ila ni mambo ya kutisha. Amelelewa vipi?"

Nikamwambia, "Amelelewa hapa hapa, na pia ni daktari wa macho." Kwa hiyo tafadhali usinikanushe.

Lakini nina swali. Huyu mpishi wako amemfungia mkubwa wake kwenye chumba cha barafu. Sawa. Mtu amekufa, amezikwa, kila mmoja anaamini mlango ulijifunga. Mpishi anapandishwa cheo, anavalishwa kofia ndefu, wageni wanakula, wanapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza kitu! Halafu yeye mwenyewe anasimama, "Ule mlango haujifungi wenyewe. Nendeni mkaujaribu." Kwa nini? Alikuwa ameshapona! Mimi ningefanya jambo kama hilo, Mungu aepushe, ningekwenda mazishini nikalia kuliko mjane, nikarudi nyumbani nikanywa chai, na mpaka leo msingejua. Kwa nini watu wako hawanyamazi?

Na kitabu chako cha hadithi kinatoka lini? Ulisema mwezi wa sita. Nimeshawatangazia watu.

Mimi mama yako, mwenye mwandishi


20 Februari

Shikamoo Mama,

Umeona? Sijasahau. Mpe baba pole ya goti na ya betri. Kaka mwambie amenifurahisha, na kwamba friji mbili ni friji mbili.

Mimi sijambo. Dukani wateja ni wengi, kila mtu ameamua mwaka huu aone vizuri. Jana mzee mmoja alijaribu fremu zote za duka, akajitazama kwenye kioo, akasema tatizo siyo fremu, akaondoka. Mama, mimi siyo daktari wa macho. Mimi nauza fremu na kufuta vioo. Akija mtu wa huko kunitafuta nimpime, nitamweka wapi?

Kuhusu mpishi. Sijui kama naweza kulieleza. Hamna aliyemlazimisha, ni kweli. Ila hujawahi kusimama juu ya jengo refu, ukatazama chini, ukasikia miguu inakuomba ruhusa? Huna shida yoyote, hutaki kufa, mambo yako mazuri. Na kwa sababu hiyo hiyo kitu ndani yako kinakunong'oneza, hebu jaribu. Mpishi wangu alisikia hivyo hivyo kwenye ulimi. Mbaya zaidi ni kwamba alikuwa amepona. Angekuwa anashukiwa, angekana mpaka mwisho.

Mshona sanda wangu naye, nitakutumia hadithi yake, kila jioni anajipima mwenyewe kwa kitambaa cha mteja ambaye yeye alimdhulumu. Utanigombeza sana.

Msalimie Mama Daktari. Mwambie meno yangu yote yapo.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na ahsante kwa kukumbuka.

Kabla ya salamu nyingine, unakaa ghorofa ya ngapi? Nimesoma habari zako za miguu kuomba ruhusa, chai ikapoa mkononi. Mimi pia nimewahi kusimama juu, kwenye lile jengo la posta, na miguu yangu iliniomba kitu kimoja tu, nikae. Kwa hiyo nijibu kwa kalamu yako, unakaa ghorofa ya ngapi, na dirisha lina vyuma?

Haya. Baba yako amenunua betri. Sasa redio inaongea na yeye anaijibu. Kaka yako mkewe anatarajia, ila usimwambie mtu mpaka wakuambie wenyewe, mimi nimewaambia watu wachache tu, wa mtaa huu.

Nimefikiria sana kuhusu hicho kinachonong'ona, nikagundua kwamba hujakitoa kitabuni. Nakujua. Siku ya mtihani wa mwisho, ule uliokuwa unaujua wote, ulisimama katikati ukatoka nje, ukaniambia ulisikia chumba kina joto. Na yule fundi umeme, kijana mpole, aliyekuwa anakuja kutengeneza taa ambazo hazijaharibika. Siku aliyoleta wazazi wake ukamwambia mbele yao kwamba humpendi. Ulimpenda mpaka ukakonda! Nilikaa kimya wakati ule kwa sababu ulikuwa unalia. Leo hulii, basi nasema.

Hata swali langu la kitabu hujalijibu. Umejibu la mpishi, umejibu la macho, umeruka hapo kama mtu anayeruka dimbwi.

Bahati nzuri mimi sijakaa nikisubiri. Mama Daktari aliniuliza tena kisimani, mbele ya watu, "Kile kitabu vipi?" kwa ile sauti yake. Nikamjibu kimeshachapwa, nimeshatumiwa, na nimeshakisoma chote. Ni uongo wa wiki chache tu, mwezi wa sita utakuwa ukweli. Kwa hiyo fanya haraka.

Mama yako


2 Aprili

Mwanangu,

Hujajibu. Sisi wazima. Nimekushonea mto mdogo wa safari, nimetia sufi iliyochambuliwa mara mbili.

Watu wananiuliza kitabu kinahusu nini. Nimesema kina mambo mengi. Niandikie hata mstari mmoja, na ile ghorofa usisahau.

Mama


11 Mei

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Mto umefika, shingo yangu inakushukuru. Nakaa chini kabisa, Mama. Dirisha langu linatazama miguu ya wapita njia, nikitaka kujirusha itabidi nipande kwanza. Kwa hiyo lala.

Dukani wamepaka rangi. Walisema ni maziwa, imetokea kama kamba ya zamani. Bosi amenunua kioo kipya kikubwa na tayari kina ufa. Mwenye nyumba wangu ana paka mpya, jina lake bado linajadiliwa. Mvua imekatika. Viatu vyangu vya kahawia nimevipeleka kwa fundi akavirudisha vyeusi.

Unaona naandika mengi. Haya, nalisema.

Kitabu kilikuwa tayari tangu mwisho wa Februari. Karatasi zote zilikuwa zimepangwa kama zitakavyochapwa, hadithi tisa, ilibaki sahihi yangu. Ofisi ya mhariri iko juu ya duka la viatu, ngazi zote zinanuka ngozi. Ni mama mmoja mrefu, ana miwani puani na mingine kichwani, na hunisemesha vizuri. Akanipa kalamu, akasema, "Hongera. Weka sahihi hapa, twende tukanywe chai."

Nikashika kalamu, nikajisikia nasema, "Hadithi hizi si zangu."

Akacheka. Angekuwa na haraka kidogo tu ningepona. Lakini alikuwa na nafasi, na mimi nikarudia. "Si zangu."

"Ni za nani?"

"Za mama yangu."

"Aliziandika?"

"Alizisimulia."

Akavua miwani ya puani akavaa ya kichwani. "Na kwa nini unaniambia leo?"

Mama, nakuapia. Sikupanga. Nilipotoka nyumbani nilikuwa naimba. Ninachojua ni kwamba kila sentensi ndani ya kile kitabu naisikia kwa sauti yako, na wewe uko pale mlangoni na sindano. Kila mtu aliyeniambia hongera, nilijiona kama nimevaa nguo yako bila kukuomba. Lakini ningeweza kukuambia wewe, siyo yeye. Au ningemwambia mwaka jana. Kwa nini dakika ile, kalamu iko mkononi?

Ameweka karatasi kwenye droo akafunga. Amesema atakuandikia wewe moja kwa moja, na bila neno lako kitabu hakitoki. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitumaini amesahau. Hajasahau.

Mwanao


25 Mei

Wewe mtoto,

Salamu zipo, utazikuta chini.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Halafu nikasema neno ambalo siwezi kuliandika, msaidizi wangu mmoja akashtuka akafungua kitambaa aone kuna nini, akakohoa sufi mpaka jioni. Hilo nalo limo kwenye hesabu yako.

Wewe ndiye mpishi! Umevalishwa kofia, wageni wamekaa, chai inasubiri, na wewe unasimama kuwaonyesha watu mlango! Na mimi ninayejisumbua kuuliza kwa nini watu wako hawanyamazi, kumbe mama yao mwenyewe hanyamazi!

Barua ya mhariri wako imefika. Ina muhuri. Ameanza na "Mheshimiwa Mama." Sijawahi kuitwa mheshimiwa na karatasi. Nimemsomea baba yako, nimemsomea kaka yako, na kipande cha mwanzo nimemsomea Mama Daktari, hicho cha mheshimiwa tu, kilichobaki nikakikunja. Mhariri anauliza hadithi ni zangu au ni zako. Na kama ni zangu, ningependa jina langu liandikwe vipi juu ya jalada.

Jina langu juu ya jalada! Mimi niliyetolewa shule kabla sijajua hesabu za kugawanya! Nimeikata karatasi ya ukubwa wa kitabu nikaliandika katikati nione linakaaje. Linakaa vizuri, mwanangu. Sikudanganyi.

Nitamjibu ninavyoona mwenyewe. Usiniulize nitasema nini.

Baba yako anakusalimia. Mkewe kaka yako anatapika vizuri, mtoto atakuwa na nguvu.

Mama


6 Juni

Shikamoo Mama,

Nimefurahi kwa mtoto, nimehuzunika kwa msaidizi. Mpe pole.

Sikuulizi. Nasema tu kwamba ukisema ni zako, sitakasirika. Nimejipima, ni kweli sitakasirika. Nitakuwa muuza fremu, na kazi hiyo haina ubaya. Jalada litakuwa zuri na jina lako, nami nitanunua nakala ya kwanza.

Ila mhariri hasemi kitu. Nilipita pale jana nikijifanya natazama viatu. Nimenunua viatu.

Mama, umesema nini?

Mwanao


19 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Viatu vya rangi gani?

Sasa kaa chini nikueleze. Mara ya kwanza niliandika ndiyo. "Ndiyo, ni zangu zote, na jina liandikwe kwa herufi kubwa." Nikaibandikia stempu kabisa. Nikamsomea baba yako. Akazima redio, wewe unajua ni mara ngapi anazima redio, akasema, "Hebu nisomee hiyo ya mpishi kwanza."

Nikachukua jarida nikasoma. Nikafika pale anaposema mlango haujifungi wenyewe, nikakasirika upya! Nikamwambia baba yako, "Ona huyu mpumbavu! Mimi mpishi wangu hakufanya hivi!"

Akaniambia, "Enhe," akawasha redio.

Ni kweli, mwanangu. Niliwasimulia wewe na kaka yako habari za mpishi, za mshona sanda, na za yule mwenye kisima. Lakini wangu wote wanapona! Mpishi wangu alizeeka na kitambi chake, wajukuu wakamkalia miguuni. Nilikuwa nataka mshindilie mito huku mnacheka. Wewe ulikuwa umekaa pale na kitambaa mdomoni, huwezi kusema kitu, macho tu, unamwangalia mpishi anaondoka zake. Mimi sikujua kwamba nyuma ya kile kitambaa ulikuwa unamrudisha.

Basi nikachana ile ya kwanza nikaandika nyingine. Nimekunakilia:

"Mheshimiwa Mhariri, salamu. Mimi nina afya. Hadithi si zangu. Zangu zinafanana nazo usoni, lakini zangu zina akili. Watu wangu hufanya ubaya wakanyamaza. Hawa wa binti yangu hujipeleka wenyewe na hakuna aliyewaita, nami nisingeweza kutunga ujinga huo hata ningeshikiwa panga. Wote ni wake. Nimemlea mwenyewe na nathibitisha. Na yeye ana ugonjwa ule ule wa watu wake, kwa hiyo siku ya sahihi, tafadhali, usimuulize chochote."

Sasa nikuambie kitu, halafu tusikizungumze tena. Ile stempu ya kwanza niliibandika kwa furaha, na huku naibandika najua ninachofanya. Najua kwamba kesho yake nitaamka sina mwandishi. Nitakuwa na jina langu juu ya jalada na sina mtoto wa kumtaja kisimani. Nilikuwa nakata tawi nililokalia, na mkono unakwenda wenyewe, tena kwa raha! Kwa hiyo hicho chako kinachonong'ona nimekisikia. Kina sauti nzuri. Ndiyo maana nakuonya.

Siku ya sahihi funga kitambaa. Sitanii. Sema una kikohozi. Nakutumia kile chako cha zamani chenye maua, nimekifua.

Viatu viwe vyeusi, vya kahawia unajua yaliyovipata.

Mama yako


3 Agosti

Shikamoo Mama,

Natumaini mkewe kaka anaendelea vizuri na baba ana betri.

Nimeweka sahihi!

Nilipanda ngazi na kitambaa cha maua mdomoni. Mhariri akanitazama, akabadilisha miwani, akanitazama tena. Nikakohoa kidogo. Akasema, "Nimeagizwa nisikuulize kitu." Akasukuma karatasi, akatazama dirishani.

Mama, kile kinachonong'ona kilikuja. Nilipogusa kalamu tu, kikaja. Safari hii kilitaka nimwambie hadithi ya saba ni mbovu. Siyo mbovu! Nilifungua mdomo na kitambaa chote kikaingia. Kina ladha ya sabuni yako. Nikaweka sahihi huku machozi yananitoka, kwa kucheka, na yeye mgongo wake unatikisika pale dirishani. Tulipomaliza akasema, "Nenda nyumbani kabla hujapona kikohozi."

Nilikuwa nataka kukuambia na hili. Nimemwandikia fundi umeme. Nilidhani mdomo wangu una kazi moja, kuharibu. Nikafikiri, ule uongo niliousema mbele ya wazazi wake, haujawahi kusemwa kwamba ni uongo. Nimeusema. Mistari minne. Sijui kama bado anakaa pale, wala kama atajibu.

Kitabu kitakufikia mwezi wa kumi.

Mwanao


12 Oktoba

Mwanangu, mwandishi, fahari yangu,

Kimefika! Baba yako amekinusa. Kaka yako amesoma jina lako kwenye jalada akaenda kutengeneza friji ambayo haijaharibika, unajua alivyo. Mkewe amejifungua, ni wa kike, ana mapafu ya kupiga kelele. Habari za fundi umeme utazipata kwake mwenyewe, mimi nimekataa kuziandika, na kukataa huku kunaniuma meno.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Jumamosi nilifunga kazi mapema, nikaweka viti nje ya mlango, nikawaita watu. Mama Daktari alikuja amejipamba. Nikakishika kitabu juu watu wote waone. Nikasoma ya mshona sanda. Nilipomaliza, Mama Daktari alikuwa na machozi. Akasema, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, siyo ile yake, "Mama mwandishi, hongera. Umezaa."

Mwanangu, nilikuwa nimeshinda! Hakuna aliyeniuliza kitu. Uongo wangu wa Machi umekuwa ukweli, umezikwa, nina kofia ndefu kichwani. Ningetakiwa kusema ahsante tu, nikae.

Nikasema, "Mwezi wa tatu nilikuwa sijakisoma. Kilikuwa hakijachapwa hata kidogo. Niliwadanganya."

Sijui nani alisema. Nilitazama nyuma nione ni nani.

Nikasubiri wanicheke. Nilijua Mama Daktari atalibeba hilo mpaka siku ya mazishi yangu. Yeye akajifuta macho, akasema, "Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Kitabu kingekuwa kimefika, ungekaa nacho ndani? Ungekibeba kichwani mpaka kisimani."

"Wewe peke yako ndiye uliyejua?"

Mwuza mkaa akatazama viatu vyake. Wasaidizi wangu wakaanza kukunja magunia ambayo yamekwisha kukunjwa. Baba yako, mwanangu, baba yako ambaye ananisikiliza kwa sikio moja, akasema, "Hata hiyo ya daktari wa macho."

Wote! Tangu siku ya kwanza! Miezi yote ile wananiuliza kwa upole, "Kitabu kinasemaje? Hadithi ipi umeipenda zaidi?" na mimi najibu kwa kirefu, nawachambulia hadithi ambazo hazipo, wao wanatikisa vichwa, "Ah, kumbe," wananisindikiza mpaka mlangoni. Nilisikia baridi mgongoni. Hakuna hadithi yako hata moja iliyonipa baridi ile, na nimezisoma zote tisa, safari hii kweli.

Halafu Mama Daktari akasema mwanawe ameacha meno miaka miwili sasa, anauza matairi. Nikamwambia, "Tulijua." Akanipiga kwa mtandio wake, tukacheka mpaka kiti kikavunjika.

Kwa hiyo andika hiyo. Mtu anaficha jambo, analala nalo, anaamka nalo. Mwisho linamtoka lenyewe, na anakuta mtaa mzima ulikuwa unajua, na kila asubuhi ulikuwa unamsalimia. Usimpeleke polisi, wewe unapenda sana polisi. Mwache aendelee kukaa nao, wamwazime chumvi.

Itawatisha kuliko zote. Na mhariri akikuuliza hiyo ni ya nani, vua kitambaa kabisa useme. Hiyo ni yangu.

Mama yako